Simu isiyo na waya na Wi-Fi inayokata: uchambuzi wa kisa cha nyumba moja ya Mji Mkongwe

Nyumba yenyewe iko Mji Mkongwe, Unguja. Ina ghorofa mbili juu ya ile ya chini, kuta za mawe ya matumbawe na chokaa zenye unene wa kiasi cha nusu mita, dari za boriti, na ngazi moja kali inayopanda katikati ya nyumba. Faiba inaingia ukumbi wa chini. Kisanduku chake, ambacho ndicho ruta, kinatoa Wi-Fi kwenye bendi mbili za mawimbi, ya 2.4 GHz na ya 5 GHz, kwa jina moja, na nyuma yake kuna tundu la simu ya mezani. Kwenye tundu hilo imechomekwa simu isiyo na waya yenye mikono miwili, iliyoletwa na jamaa kutoka Dubai miaka mingi nyuma. Kitako cha simu (sehemu inayobaki mezani, ambako mikono hurudishwa) na ruta vimewekwa kwenye rafu moja, vikiachana sentimita 30 hivi.

Lalamiko lilikuwa moja. Baada ya isha, mama mwenye nyumba akianza kuzungumza na wanawe walioko Maskati, vijana wa ghorofa ya juu hukatikiwa na masomo yao ya video. Picha inaganda, sauti inakuja vipande vipande, kisha ukurasa mzima unabaki kuzunguka. Simu ikirudishwa kitakoni, baada ya muda mfupi mambo yanatulia. "Fundi, nikishika simu tu, huko juu wanapiga kelele," alieleza mama. "Wanasema miye ndiye ninayekula intaneti."

Maelezo ya namna hii yana thamani kubwa, kwa sababu yanafunga tatizo kwenye tukio moja linaloweza kurudiwa. Wi-Fi inayosumbua "siku nyingine" ni kazi ya wiki nzima. Inayosumbua mkono wa simu unapoinuliwa inaweza kupimwa jioni moja. Lakini bado hayathibitishi kwamba mawimbi ya simu ndiyo yanayogonga Wi-Fi. Kuna njia tatu ambazo simu inaweza kuvuruga intaneti ya nyumbani, na dawa ya moja haiponyi nyingine.

Ya kwanza ni ile waliyoamini vijana, kwamba simu inatumia intaneti kwa kuwa inapita kwenye kisanduku kilekile cha faiba. Ni kweli inapita humo, ila mazungumzo ya sauti, hata yakisafirishwa bila kubanwa, hayafiki kilobiti 100 kwa sekunde kwa kila upande. Kwenye laini ya megabiti 20 hiyo ni nusu asilimia. Tuliiweka kando mapema.

Ya pili ni waya. Katika nyumba zinazotumia ADSL, intaneti na simu hupita kwenye waya uleule wa shaba: sauti iko chini ya kilohezi 4, data inaanzia kiasi cha kilohezi 25 kwenda juu. Kila simu inayochomekwa kwenye waya huo inatakiwa kupitia kichujio kidogo cha kutenganisha. Kikikosekana au kikiharibika, mtu akiinua simu, au simu ikilia, modemu inapoteza laini na taa yake ya DSL inaanza kumweka. Dalili anayoiona mwenye nyumba ni ileile kabisa: nikishika simu, intaneti inakata. Watu wengi hununua ruta mpya na simu mpya ilhali kilichohitajika ni kichujio cha bei ndogo ukutani. Nyumba yetu ina faiba, kwa hiyo njia hii haikuwapo, lakini kipimo cha kuitenga ni kilekile kwa nyumba zote, na ndicho kinachofaa kuanza.

Ya tatu ndiyo mawimbi.

Kipimo cha waya

Chukua kompyuta mpakato, zima Wi-Fi yake, iunganishe na ruta kwa kebo ya mtandao. Fungua madirisha mawili ya amri. Kwenye la kwanza andika ping -t na anwani ya ruta, mara nyingi 192.168.1.1 (anwani kamili huandikwa kwenye kibandiko chini ya kisanduku). Kwenye la pili andika ping -t 8.8.8.8. Amri hii hutuma pakiti, yaani vipande vidogo vya data, na kupima muda ambao jibu linachukua kurudi. La kwanza linapima njia kati yako na ruta. La pili linapima njia nzima hadi nje. Acha yote mawili yaende dakika tatu simu ikiwa kitakoni, kisha mtu apige simu na kuzungumza dakika tatu nyingine.

Hapa matokeo yalikuwa safi: chini ya milisekunde 1 hadi kwenye ruta, na njia ya nje haikutikisika, simu ikitumika au isipotumika. Faiba ilikuwa nzima, kisanduku kilikuwa kizima, na mtoa huduma aliyekuwa amelaumiwa kwa muda mrefu hakuwa na kosa. Kama dirisha la pili lingekatika wakati la kwanza limetulia, tungerudi kwenye laini. Kama yote mawili yangekatika kwa waya, tungetazama umeme: adapta ya simu na ya ruta kwenye soketi moja iliyolegea huweza kulizima kisanduku kwa sekunde moja, na kikaonekana kama kimepoteza mtandao.

Kisha Wi-Fi. Kompyuta ileile, bila kebo, iliwekwa chumba cha juu ambako vijana husomea. Dirisha moja tu linatosha sasa, la kupima hadi kwenye ruta. Simu ikiwa kitakoni, majibu yalirudi kwa milisekunde 3 hadi 8. Mama alipopiga simu akiwa ukumbini, majibu yaliruka hadi mamia ya milisekunde, na kati ya pakiti 200 zilizotumwa, 31 hazikurudi. Kwenye Windows, amri netsh wlan show interfaces huonyesha kasi ambayo kompyuta na ruta wamekubaliana. Ilishuka kutoka megabiti 65 hadi 6.5, na mara nyingine hadi 1. Alipokata simu, kasi ilipanda tena taratibu. Hapo shaka ikaisha: tatizo liko hewani, na simu ndiyo chanzo.

Kwa nini programu ya simu ya mkononi haikuonyesha kitu

Vijana walikuwa wameshapakua programu ya kuangalia Wi-Fi kwenye simu zao, wakaona mitandao ya majirani kwenye chaneli ya 1, ya 6 na ya 11, wakahamisha wao hadi ya 13. Hakikubadilika kitu. Programu hizo husoma matangazo ya mitandao ya Wi-Fi tu. Simu isiyo na waya haisemi lugha ya Wi-Fi, kwa hiyo kwenye skrini haipo, hata kama inapiga kelele karibu na antena. Ili uione unahitaji kifaa kinachopima nguvu ya mawimbi yenyewe. Kuna vya USB vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo, kama Wi-Spy, na baadhi ya ruta za MikroTik zenye chipu za Atheros za kizazi cha 802.11n zina amri ya spectral-history. Kwa aina hiyo ya ruta tuliona simu ikichora madoadoa mekundu kote kuanzia 2400 hadi karibu 2480 MHz, kama upele, bila kukaa mahali pamoja.

Madoadoa hayo yanaeleza aina ya simu. Kibandiko chini ya kitako kilikuwa kimefifia, ila namba ya FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, ilisomeka, na ukiitafuta namba hiyo kwenye hifadhi ya mamlaka hiyo unapata masafa ambayo kifaa kimesajiliwa nayo. Ilikuwa simu ya dijitali ya 2.4 GHz inayorukaruka masafa. Simu za namna hii hugawa bendi yote katika nafasi 80 hivi za upana wa kiasi cha 1 MHz, na kuhama kutoka nafasi moja hadi nyingine kiasi cha mara 100 kwa sekunde. Chaneli ya Wi-Fi ina upana wa 20 MHz, kwa hiyo popote utakapoiweka, robo ya miruko ya simu itaangukia ndani yake. Ndiyo maana kuhama kutoka 6 hadi 13 hakukusaidia. Na kama ruta imewekwa upana wa 40 MHz, kama visanduku vingi vinavyokuja kutoka kiwandani, basi ni nusu ya miruko.

Bluetooth nayo hurukaruka kwenye bendi hiyohiyo, lakini tangu toleo la 1.2 la mwaka 2003 ina uwezo wa kukwepa sehemu zenye Wi-Fi. Simu hizi za zamani hazikwepi kitu.

Tofauti nyingine ni adabu. Wi-Fi husikiliza kabla ya kusema: ikisikia nguvu ya kigeni inayozidi kiasi cha -62 dBm kwenye chaneli yake, inangoja (dBm ni kipimo cha nguvu ya mawimbi; kadiri namba inavyozidi kwenda chini ya sifuri, ndivyo mawimbi yanavyokuwa dhaifu). Simu haisikilizi. Ina zamu zake za kurusha sauti na itarusha tu. Kwa hiyo ruta ama inakaa kimya ikingoja, ama inaanza kupokea pakiti na katikati yake simu inaangukia juu.

Robo ya miruko ingepaswa kuumiza kwa robo tu. Mbona huko juu mambo yalikufa kabisa? Jibu liko kwenye kushuka kwa kasi. Pakiti ya baiti 1500 kwa megabiti 65 hukaa hewani chini ya milisekunde 0.2. Ina nafasi nzuri ya kupenya kati ya mruko na mruko. Ikipotea, ruta haijui kwamba imegongwa na simu. Inadhani kompyuta iko mbali, kwa hiyo inapunguza kasi ili isikike vizuri zaidi. Kwa megabiti 6.5 pakiti ileile inakaa hewani karibu milisekunde 2. Kwa megabiti 1 inakaa milisekunde 12, muda mrefu kuliko mruko mzima wa simu, hivyo uwezekano wa kugongwa unaongezeka badala ya kupungua. Dawa ya ruta ndiyo inayozidisha ugonjwa. Na kifaa kimoja kinachotambaa kwa megabiti 1 kinakula muda wa hewa wa wote, hata wale waliokaa karibu na ruta.

Kisha kuna umbali. Simu ya aina hii hurusha hadi kiasi cha miliwati 100, yaani 20 dBm. Kwa sentimita 30, mawimbi ya 2.4 GHz hupoteza kama desibeli 30 tu, kwa hiyo kitako cha simu kinafika kwenye antena ya ruta kwa nguvu ya -10 dBm. Kompyuta ya juu, baada ya kuvuka ukuta wa matumbawe na dari, inafika kwa -75 dBm. Tofauti ni desibeli 65, yaani zaidi ya mara milioni tatu. Kwa tofauti hiyo, hata mruko unaoangukia nje ya chaneli huweza kuiziba pokeo ya ruta, yaani sehemu yake ya kupokea mawimbi. Aliyekaa ukumbini, ambaye kompyuta yake inasikika kwa -40 dBm, haoni shida kubwa, ndiyo maana mama mwenyewe hakuwahi kuamini malalamiko ya juu.

Yaliyofanywa, na yaliyofanya kazi nusunusu

Jambo la kwanza halikugharimu kitu. Kitako cha simu kilihamishwa kutoka kwenye rafu hadi chumba cha pili, mita 6 kutoka kwenye ruta, kwa waya mrefu wa simu wenye vichwa vya RJ11. Kutoka sentimita 30 hadi mita 6 ni desibeli 26 za nafuu, yaani nguvu inapungua mara 400, na ukuta wa mawe katikati unaongeza. Pakiti zilizopotea zilishuka kutoka 31 hadi 4 kati ya 200. Video ikarudi.

Ilirudi mpaka mama alipopanda juu na mkono wa simu. Hapa ndipo ushauri wa "sogeza kitako" unapoishia. Mkono nao ni redio, na wenyewe unatembea. Akikaa na kijana anayesoma, mkono uko mita moja kutoka kwenye kompyuta, na sasa inayozibwa ni pokeo ya kompyuta. Kitako kinaweza kupangiwa mahali. Mwenye simu hapangiwi.

Jambo la pili lilikuwa mipangilio. Upana wa 2.4 GHz uliwekwa 20 MHz badala ya kuachwa kwenye hali ya kujichagulia. Mtandao wa 5 GHz ulipewa jina lake, ili kila mtu ajue yuko wapi. Kwenye 5 GHz simu haikugusa kitu hata kidogo, na katika nyumba ya matofali membamba kisa kingeishia hapo. Kwenye kuta za matumbawe hakiishii: 5 GHz hufifia haraka zaidi inapovuka ukuta mnene, na chumba cha juu kilipata mawimbi hafifu yasiyotumika. Kirudisha mawimbi cha kuchomeka kwenye soketi tulikikataa, kwa sababu kinapokea na kurusha kwa hewa ileile iliyovurugwa.

Kilichomaliza tatizo la ghorofa ya juu ni kituo cha Wi-Fi kilichounganishwa kwa kebo. Mita 25 za kebo ya mtandao ya Cat6 zilipandishwa kwenye pembe ya ngazi, ndani ya mfereji mwembamba wa plastiki, hadi ukumbi wa juu. Ukuta wa nje haukutobolewa. Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2000, na hata pasingekuwa na sheria, tundu kwenye ukuta wa chokaa huingiza maji ya masika. Kituo kiliwekwa 5 GHz chaneli ya 36 na 2.4 GHz chaneli ya 1, kwa nguvu ya wastani. Sasa kompyuta ya juu iko mita 4 kutoka kwenye kituo chake badala ya ghorofa mbili, na inatumia 5 GHz.

Chaneli ya 36 haikuchaguliwa kwa bahati. Kuna simu zisizo na waya za 5.8 GHz, na hizo hutumia 5725 hadi 5850 MHz, palepale zilipo chaneli 149 hadi 165 za Wi-Fi. Chaneli 36 hadi 48 ziko mbali nazo. Simu hizo zina mtego mwingine: baadhi zimeandikwa "5.8 GHz" kwa herufi kubwa, lakini hiyo ni njia ya kutoka kitakoni kwenda mkononi tu, na mkono hujibu kwa 2.4 GHz ili kuokoa betri. Usiamini maandishi ya mbele. Tafuta masafa yote mawili kwenye kibandiko cha chini.

Simu ya kubadilisha

Bado vilibaki vifaa vinavyojua 2.4 GHz pekee: printa, kamera ya mlangoni, simu mbili za zamani. Kwa ajili yao simu yenyewe ilibadilishwa. Chaguo jepesi kuliko yote ni simu ya mezani ya waya, na kama simu inakaa mahali pamoja hatuoni sababu ya kununua nyingine. Mama alitaka ya kutembea nayo, kwa hiyo ikachaguliwa ya DECT, mfumo wa simu zisizo na waya wenye masafa yake wenyewe, 1880 hadi 1900 MHz. Iko karibu megahezi 500 chini ya Wi-Fi, na vipimo vilirudi kama simu haipo. Kitako chake hutangaza muda wote hata kama hakuna anayezungumza, kwa hiyo kiweke walau mita moja kutoka kwenye ruta. Kikibandikwa juu yake, pokeo dhaifu huweza kusumbuka hata kwa masafa ya mbali.

Kabla ya hapo jamaa wa Marekani alikuwa amejitolea kuleta ya kwao, yenye maandishi DECT 6.0, mpya na nzuri. Tulishauri isiletwe. Hiyo 6.0 ni jina la biashara, haina uhusiano na 6 GHz. Simu hiyo hutumia 1920 hadi 1930 MHz. Marekani sehemu hiyo iliachwa wazi kwa vifaa kama hivyo. Afrika iko Kanda ya 1 ya ITU (shirika la kimataifa la mawasiliano) pamoja na Ulaya, na huku 1920 hadi 1980 MHz ndiko simu za mkononi za 3G zinakorushia kwenda mnarani. Wi-Fi ya nyumba ingesalimika, lakini kila mazungumzo yangemwaga kelele kwenye mnara wa mtaa, na vifaa vya redio nchini vinatakiwa kuidhinishwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania. Zaidi ya hayo adapta za simu za Marekani mara nyingi ni za volti 120 tu. Ukiichomeka kwenye 230 inatoa harufu ya kuungua ndani ya dakika chache, na anayetafuta adapta nyingine kwenye maduka ya vifaa asome kama inatoa AC au DC kabla ya kulipa.

Anayetaka kurudia kipimo hiki kwake azingatie kwamba kuweka simu kitakoni hakutoshi kuitenga. Chomoa adapta ya kitako na toa betri za kila mkono, hata ule uliosahaulika chumba cha wageni. Kama ping hadi kwenye ruta inaendelea kupotea, simu haihusiki. Tazama maikrowevu, ambayo huvuruga karibu na 2.45 GHz ikiwa inapasha chakula tu, kisha kifaa cha kusikilizia mtoto mchanga cha analogi, ambacho hakirukiruki na hivyo kwa hicho kuhamisha chaneli husaidia kweli.